Jinsi ya kutunga shairi la kinaya na taswira dhidi ya ubaguzi wa rangi wa kila siku: mwongozo kwa wanaoanza, Lamu na Malindi

Kila mashindano ya mashairi yanapokaribia, maswali ni yaleyale. Nianze na nini? Nitaandikaje juu ya ubaguzi wa rangi bila kumtukana mtu? Mbona shairi langu lina vina na mizani kamili na bado halimgusi anayelisikia? Mwongozo huu ni wako wewe unayekijua Kiswahili vizuri lakini hujawahi kutunga, au umetunga mawili matatu ya shuleni na yote yakaishia kuwa mawaidha.

Ubaguzi unaozungumzwa hapa ni ule wa barazani, wa arusini na wa langoni. Posa inakataliwa kwa sababu ya rangi ya kijana. Mtoto mchanga anasifiwa kwamba "kachukua weupe wa bibi yake," na ndugu yake amesimama pale pale akisikia. Mlinzi wa hoteli anamfungulia mgeni mweupe bila neno, kisha anamsimamisha mwenyeji. Mtu anaitwa Mnyika, yaani mtu wa porini, kwa sauti ambayo kila mmoja anaielewa. Utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wetu wa Pwani ya Kenya mwaka 1907, na bado ziko nyumba ambamo mposaji huulizwa babu yake alikuwa nani kabla ya kuulizwa anafanya kazi gani.

Wanaosema maneno haya mara nyingi ni majirani na jamaa zetu, watu wanaoswali na kutoa sadaka, na hawaoni kama wamesema neno. Ukimwambia mtu kama huyo kwamba ni mbaguzi, atabisha. Kinaya kinamfanyia jambo jingine: kinampa nafasi aseme, aendelee kusema, mpaka ajisikie mwenyewe. Hiyo ndiyo kazi yote ya shairi la aina hii, na hatua zote zinazofuata zinalenga hapo.

Nadharia ni mbili tu. Kinaya ni maneno kusema hivi huku hali yenyewe ikionyesha vingine. Taswira ni picha ambayo msikilizaji anaiona, anainusa au anaigusa kwa mawazo. Yaliyobaki utayapata kazini.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari dogo linaloingia mfukoni, na penseli. Penseli ni bora kuliko kalamu ya wino kwa sababu utafuta sana.
- Simu ya kujirekodi sauti.
- Kamusi ya Kiswahili, hasa kwa kukagua maana ya maneno unayoyatumia kwa mazoea.
- Siku 7 za kusikiliza tu, na jioni 3 au 4 za kutunga.
- Wasikilizaji wawili: mmoja mwenye umri wa wazazi wako, mmoja rika lako. Wasiwe watu wanaosifu kila unachofanya.

Hatua ya 1: Kusanya kauli

Kwa siku 7 usitunge hata mshororo mmoja. Sikiliza. Nenda sokoni, gatini, kwenye saluni, kwenye tuktuk, arusini, kwenye baraza la kahawa. Kila unaposikia kauli inayopima mtu kwa rangi yake, nywele zake au asili yake, iandike kama ilivyosemwa, na mbele yake andika mambo manne: anayesema ni mtu wa namna gani (mama mwenye duka, baba wa bi arusi, mlinzi), anamwambia nani, wako wapi, na ameshika nini mkononi wakati anasema.

Hilo la nne wengi huliruka, na ndilo lenye thamani kuliko yote. Mama anayesema "huyu mweusi mno kwa mwanangu" huku anakoroga kopo la mkorogo wa kujichubua amekupa shairi zima. Baba anayesema maneno hayohayo huku anapuliza kikombe cha kahawa amekupa shairi lingine kabisa.

Usiandike majina ya watu. Si kwa heshima peke yake; jina likiingia kwenye shairi, mji mzima utamjadili mwenye jina na jambo lenyewe litasahauliwa.

Ukipata kauli 10 zinatosha. Ukipata 4 nzuri, pia zinatosha.

Hatua ya 2: Chagua kauli moja na msemaji mmoja

Anayeanza hutaka kuyasema yote: posa, hoteli, saluni, utumwa, ukoloni, katika beti 6. Shairi linageuka orodha. Chukua kauli moja, mpe msemaji mmoja, mweke mahali pamoja. Nyingine zibakie daftarini kwa mashairi mengine.

Kisha amua nani anasema "mimi" ndani ya shairi. Una njia mbili. Ya kwanza, mbaguzi mwenyewe ndiye anayesema, nawe mtunzi huingilii. Ya pili, mtazamaji anaeleza anachokiona, bila kutoa hukumu. Ya kwanza inauma zaidi, na ndiyo rahisi kueleweka vibaya. Ukichagua njia moja, usibadilishe katikati. Shairi linaloanza kwa sauti ya baba anayekataa posa, kisha ubeti wa tatu likasema "enyi wabaguzi acheni," limejivunja lenyewe.

Hatua ya 3: Tafuta mgongano

Chora mstari katikati ya ukurasa. Upande mmoja andika vitu ambavyo msemaji wako anavipenda, anavisifu au anavitegemea. Upande wa pili andika anachokikataa. Halafu tafuta kitu kilichopo pande zote mbili.

Chukua yule baba anayekataa posa kwa sababu kijana ni mweusi. Upande wa vipendwa: kahawa chungu, wanja wa mkewe, kiti cha enzi cha mpingo alichorithi, habasoda anayoitia kwenye asali kila asubuhi, buibui la mama yake. Vyote vyeusi, na weusi wake ndio sifa yake. Upande wa pili: kijana mweusi mlangoni. Mgongano umejitokeza wenyewe.

Kwa Malindi, mgongano mkubwa uko kwenye historia ya mji. Mwaka 1498 Vasco da Gama alitia nanga Malindi, akapokewa na Sultani na kupewa rubani wa kumvusha hadi India. Mji ulimpa mgeni asiyejulikana mtu wa kumwonyesha njia baharini. Leo mtoto wa mji huohuo anasimamishwa kwenye lango la hoteli iliyo ufuoni alikojifunzia kuogelea. Weka mambo hayo mawili karibu karibu kwenye shairi na usiseme kitu kati yake.

Usipoona mgongano wowote baada ya nusu saa, kauli uliyochagua haifai kwa kinaya. Huenda inafaa kwa shairi la majonzi au la hasira, na hayo nayo ni mashairi. Rudi daftarini uchague nyingine.

Hatua ya 4: Geuza mawazo kuwa vitu

Kila neno lisiloshikika katika rasimu yako (chuki, dharau, usawa, utu, haki) lipige mstari chini yake. Kisha jiulize: hapa kuna kitu gani ambacho mtu angekiona? Dharau inaonekanaje? Ni kikombe cha mgeni kinachowekwa kando baada ya yeye kuondoka, kisichanganywe na vingine. Ni kiti kilichofutwa alipoinuka. Ni mkono uliotolewa ncha za vidole tu.

Mtunzi wa utenzi wa Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, alipotaka kuonyesha kuanguka kwa matajiri wa kisiwa cha Pate alituingiza ndani ya nyumba zao: madaka (vishubaka vya ukutani) yaliyokuwa yakipangwa sahani, sasa wamelala makinda ya ndege. Msikilizaji wa Lamu anayajua madaka, maana yamo kwenye kuta za nyumba za mawe hadi leo, kwa hiyo picha inamwingia bila maelezo. Nawe fanya hivyo. Tumia vilivyo mbele ya macho yako.

Angalia chokaa, kwa mfano. Kuta nyeupe za mtaa wa Mkomani, Lamu, zinazopigwa picha na kila mgeni zimepakwa chokaa, na chokaa hiyo ni mawe ya matumbawe yaliyochomwa kwenye tanuu juu ya magogo ya mikoko. Weupe ule umetoka motoni, kwenye masizi na majivu, kwa mikono ya watu ambao rangi yao haikusifiwa. Mtu anayejivunia ukuta wake mweupe na kumdharau fundi aliyeupaka ni kinaya kilichokwisha iva. 

Hapa kuna makosa matatu, na yote yanaua shairi.

La kwanza ni picha zilizochakaa. "Mweusi kama mkaa," "mweusi kama chungu," "mweupe kama theluji." Mbili za mwanzo ni maneno ya mbaguzi mwenyewe, ukiyatumia kwa sauti yako unamsaidia. Ya tatu ni ya kuazima: theluji haijaanguka Shela wala Watamu.

La pili ni baya zaidi kwa sababu halionekani. Unatunga shairi la kupinga dharau ya rangi nyeusi, kisha unaandika "moyo mweusi wa mbaguzi" au "siku nyeusi alipofukuzwa" au "roho yake nyeupe." Umeufanya weusi kuwa uovu ndani ya shairi linalodai kinyume. Pitia rasimu yako neno kwa neno ukitafuta jambo hili peke yake. Badala ya moyo mweusi sema moyo mgumu, moyo wa kutu, moyo uliofungwa komeo.

La tatu ni kubadilisha mlengwa. Mtu anachukia ubaguzi wa mgeni mweupe, akaishia kudhihaki pua za Waitaliano au nywele za Waarabu. Huo ni ubaguzi uleule umegeuzwa upande. Lenga kauli na kitendo. Maumbile ya mtu yasiguswe, ya mtu yeyote.

Hatua ya 5: Chagua bahari, yaani aina ya shairi

Kwa shairi la kwanza tumia tarbia: mishororo 4 kwa kila ubeti, kila mshororo vipande 2, kila kipande mizani (silabi) 8. Ubeti mzima una mizani 64. Vina vya kati viwe vya namna moja, na vya mwisho vya namna yake.

Tarbia inafaa kinaya kwa sababu ya ule mpasuko wa katikati. Kipande cha kwanza, yaani ukwapi, kinaleta kitu. Cha pili, utao, kinakigeuza. Utenzi wenye mizani 8 kwa kila mshororo unafaa ukitaka kusimulia kisa kirefu, lakini mwendo wake ni wa haraka na kinaya kinahitaji pumzi.

Beti 5 hadi 7 zinatosha. Ubeti mmoja ukisomwa kwa utulivu huchukua kama sekunde 15 hadi 20, na ukighaniwa, yaani ukisomwa kwa kuimba, huchukua zaidi ya hapo. Shairi la beti 15 la mbaguzi akijisifu linamchosha msikilizaji kabla halijamchoma.

Hatua ya 6: Tunga ubeti wa kwanza

Kwanza andika orodha ya vina. Chagua silabi zenye maneno mengi: -ni kwa kati ni rahisi kwa sababu majina mengi ya vitu huipokea yakionyesha mahali (mlangoni, kikombeni, ufuoni), na -ia kwa mwisho ina vitenzi tele. Andika maneno 20 ya kila kina kabla ya mshororo wa kwanza. Ukianza kutunga bila orodha, kina ndicho kitakachokuamulia maana.

Huu ni ubeti wa yule baba, uliotoka kwenye orodha ya hatua ya 3:

*Kahawa ya kikombeni, nyeusi naisifia,*
*Na wanja ulo machoni, mweusi wanivutia,*
*Mpingo wa ukumbini, mweusi naukalia,*
*Mposaji mlangoni, mweusi namzuia.*

Hesabu mizani kwa sauti, ukigonga meza. Ka-ha-wa-ya-ki-ko-mbe-ni: 8. Nye-u-si-na-i-si-fi-a: 8. Mpi-ngo si silabi 2, ni 3: m-pi-ngo. Vivyo hivyo m-la-ngo-ni ni 4, na m-po-sa-ji ni 4. Hapa ndipo wanaoanza hukosea zaidi: m inayosimama peke yake mbele ya konsonanti nyingine huhesabiwa, lakini mb ya "kikombe", nj ya "wanja" na mw ya "mweusi" hazigawanyiki. Irabu mbili zilizofuatana ni mizani mbili: nye-u-si, zu-i-a.

"Ulo" ni "ulio" uliofupishwa. Ufupisho huo, inkisari, unaruhusiwa, na pia kurefusha neno, mazida. Usipite mara moja au mbili kwa ubeti. Msikilizaji akianza kuona maneno yaliyokatwa mikia kila mshororo, anaacha kusikia maana.

Tazama pia kwamba hakuna neno la lawama humo. Baba anajisifu kwa ladha yake nzuri. Mishororo mitatu inamzoesha msikilizaji kusikia "nyeusi" na "mweusi" kama sifa, na wa nne unamkuta ameshakubali. Ulinganishe na huu:

*Ubaguzi tuuache, sote sisi binadamu*

Mizani iko sawa, 8 kwa 8. Kila mtu atatikisa kichwa kukubali, akiwemo baba aliyekataa posa jana, na hakuna atakayejiona.

Hatua ya 7: Ondoa vijazo

Kijazo ni neno lililotiwa ili mizani itimie tu: sana, jamani, kweli, hakika, ndugu zangu. Angalia mshororo huu wa shairi la lango la hoteli:

*Mvuvi mwenyeji sana, juani kazuiliwa*

"Sana" haifanyi kazi yoyote. Mtu hawi mwenyeji sana. Litoe, kisha jiulize ni kitu gani kilikuwepo langoni ambacho hukukiandika. Labda mvuvi hakuwa peke yake:

*Kashuka ndege ya jana, lango amefunguliwa,*
*Wala swali hakuona, maji baridi kapewa,*
*Mvuvi na wake mwana, juani wazuiliwa,*
*Ufuoni kazaliwa, aulizwa: Wenda wapi?*

Sasa mtoto yuko pale, anasikia baba yake akihojiwa. Kijazo kimoja kimetoka na picha nzima imeingia. Mshororo wa mwisho una vina vyake kwa sababu ni kibwagizo. Unaweza kuurudia kila ubeti bila kuubadilisha, na swali hilo litazidi kuwa zito kila likirudi. Kibwagizo kizuri cha kinaya ni kauli iliyosemwa kwa kweli, kama ulivyoiandika kwenye hatua ya 1. Swali la mlinzi halihitaji kupambwa.

Ukitunga kwa Kiamu, lahaja ya Lamu, tunga kwa Kiamu mwanzo hadi mwisho. Kuandika "macho" ubeti wa kwanza na "mato" ubeti wa tatu kwa sababu tu kina kilikuwa -to kunasikika kama uvivu, na wazee wa Lamu hawasamehe jambo hilo.

Hatua ya 8: Funga bila kueleza

Ubeti wa mwisho ndipo mkono wa mtunzi huwasha zaidi. Unataka kuhakikisha ujumbe umefika, unaandika "funzo." Usifanye hivyo. Mwache msemaji wako aendelee kuwa yeye, ila mwonyeshe msikilizaji gharama. Shairi la baba linaweza kufungwa hivi:

*Mposaji yu njiani, mgongo katupatia,*
*Mwanangu yu dirishani, machozi ajifutia,*
*Kahawa leta jamani, kikombe nasubiria,*
*Nyeusi kama zamani, maziwa usijetia.*

Baba hajabadilika. Anaagiza kahawa yake ileile. Binti amelia kwa mshororo mmoja tu, tena dirishani, si mbele yetu. Na ile "jamani" hapa haikutiwa kujaza mizani. Ni sauti ya mtu aliyezoea kuhudumiwa. Neno hilohilo huwa kijazo mahali pamoja na likawa lazima mahali pengine, kwa hiyo usifute kwa orodha, futa kwa sikio.

Hatua ya 9: Lijaribu kwa watu wawili

Wasomee wasikilizaji wako shairi mara moja, bila utangulizi. Usiwaulize kama ni zuri. Uliza: "Nani anasema humu, na wewe unamwonaje?" Wakijibu kwamba anayesema ni mtu mwenye kiburi asiyejiona, kinaya kimefika. Wakidhani ni wewe unayetoa maoni yako, kinaya kimekosekana, na tatizo liko kwenye shairi hata kama wao hawakusikiliza vizuri. Wakiona uchungu kwa binti au kwa mtoto wa mvuvi kabla hujawauliza, usiguse tena ubeti huo.

Hatua ya 10: Lighani na ulilinde

Kinaya hupotea kwa haraka ya kusoma. Tua kati ya ukwapi na utao, na usitie hasira wala kicheko kwenye sauti. Sauti ya baba iwe ya kawaida, hata ya upole. Kama huna sauti ya kughani, mpe mtu mwenye sauti. Ni desturi ya siku nyingi kwa mtunzi mmoja na mghani mwingine. Mweleze mghani mapema kwamba msemaji wa shairi siye mtunzi, maana mghani asiyejua atalipamba kama shairi la mapenzi.

Sehemu hii isome mara mbili. Rekodi ya simu hukatwa. Mtu anaweza kuchukua sekunde 10 za mbaguzi wako akijisifu, akazisambaza kwenye makundi ya WhatsApp bila beti zinazofuata, na jina lako likiwa juu yake. Nchini Kenya, kifungu cha 13 cha Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya 2008 kinahusu matamshi ya chuki, na adhabu yake ni faini isiyozidi shilingi milioni 1 au kifungo kisichozidi miaka 3, au vyote viwili. Shairi la kinaya lililotungwa kwa uangalifu liko mbali na hapo, lakini jilinde: usitumie tusi la kikabila au la rangi hata likiwa kinywani mwa mhusika, tia kichwa kinachoonyesha nani anasema (kwa mfano "Baba mwenye nyumba anena"), taja kichwa hicho mwanzoni mwa kila rekodi, na uweke nakala kamili yenye tarehe.

Shairi likikwama

*Watu wanacheka, lakini wanacheka pamoja na mbaguzi.* Umemfanya mcheshi kupita kiasi. Mpunguzie maneno ya kuchekesha na umwongeze yule anayeumia. Mlete jukwaani mapema, ubeti wa pili au wa tatu. Kicheko kikikatika ghafla, ndipo ulipopataka.

*Hakuna aliyeelewa kwamba ni kinaya.* Mgongano uko mbali mbali. Kama kahawa iko ubeti wa kwanza na kijana yuko ubeti wa nne, msikilizaji ameshaisahau. Viweke kwenye ubeti mmoja, ikibidi mshororo mmoja.

*Vina vimekwisha ubeti wa nne.* Usilazimishe neno geni kutoka kamusini. Tarbia inaruhusu kila ubeti kubadilisha vina. Kibwagizo ndicho kitakachoshikilia shairi.

*Mizani inazidi kwa moja kila mara.* Angalia vitenzi: "ninaisifia" ni 6, "naisifia" ni 5. Tatizo mara nyingi liko hapo, si kwenye majina.

*Shairi limekuwa hotuba tena.* Hesabu maneno yaliyopigwa mstari kwenye hatua ya 4. Yakizidi mawili kwa shairi zima, rudi ukayatafutie vitu.

*Jirani anadhani umemsema yeye.* Badilisha kitu ambacho watu watamtambua nacho: kazi, mtaa, idadi ya watoto. Usibadilishe kauli yenyewe. Akiendelea kuona ni yeye kwa sababu kauli ni yake, hilo si kosa la shairi, na usimwombe radhi kwa kitu ambacho hukumwandikia.

*Mtu amekujibu kwa shairi.* Hiyo ni heshima, na Pwani ina mila ndefu ya kujibizana. Mshairi Muyaka wa Mombasa na washairi wa Lamu walirushiana mafumbo enzi za Vita vya Shela, mwanzoni mwa karne ya 19. Jibu kwa bahari ileile, na ukiweza kwa vina vilevile, na ushike hoja yake moja tu. Akiwa ametukana ukoo wako, usijibu ubeti wowote. Weka shairi lako la kwanza lighaniwe tena kama lilivyo.